Jino Limezibwa, Mbona Bado Linauma?

Ulikwenda kwa daktari wa meno na jino ambalo pengine halikuwa likikusumbua hata kidogo. Yeye ndiye aliyeliona tundu, akalisafisha, akaliziba. Sasa umerudi nyumbani na funda moja la maji baridi linakurusha kwenye kiti. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba jino limeharibiwa. Mara nyingi sivyo. Zipo nyakati chache ambazo ndivyo, na zipo nyingi ambazo kuna kasoro ndogo tu inayorekebishwa kwa dakika 5, lakini mwenye jino anaivumilia kwa miezi. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuzitofautisha hali hizo tatu.

Niseme mapema jambo ambalo mengine yote yanalizunguka. Ukali wa maumivu ni kipimo kibovu. Jino linalopona linaweza kukuchoma kama sindano, na jino linaloelekea kufa linaweza kunung'unika taratibu tu kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Ukweli unapatikana kwa maswali matatu: ni nini kinaliamsha, linauma kwa muda gani baada ya kitu hicho kuondoka, na je, wiki hii ni nafuu kuliko wiki iliyopita? Yashike hayo, tutayarudia.

Hatua ya 1: Fahamu kilichofanyika ndani ya jino

Juu ya jino kuna enameli, ngumu na isiyo na hisia. Chini yake kuna dentini, na dentini imejaa vijitundu vyembamba sana, makumi ya maelfu katika kila milimita ya mraba, ambavyo huzidi wingi na upana kadiri unavyokaribia kiini. Kiini ndipo ilipo mishipa ya damu na ya fahamu. Vijitundu hivyo vina majimaji. Baridi, hewa au sukari ikifika kwenye dentini, majimaji husogea ghafla, na msogeo huo ndio unaoigusa mishipa ya fahamu ukasikia ule mchomo. Maelezo haya yalipata nguvu kutokana na kazi za Martin Brännström wa Sweden katika miaka ya 1960, na hadi leo ndiyo yanayokubalika zaidi.

Sasa fikiria kuziba ni nini. Mashine inazunguka kwa kasi na kutoa joto, ndiyo maana maji hurushwa muda wote. Hewa inaikausha dentini. Kwa vijazo vyeupe (kijazo ni kile kinachojazwa tunduni), mara nyingi tindikali ya fosfori hupakwa kwa sekunde chache ili gundi ipate pa kushika. Kiini kikipita katika misukosuko hiyo huvimba kidogo. Kidole kikivimba kina nafasi ya kutanuka. Kiini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu pande zote, kwa hiyo uvimbe mdogo tu unatosha kukifanya kiwe chepesi wa kukasirika. Kwa kawaida uvimbe huo hushuka wenyewe.

Dawa ya kuzibia nayo ina tabia zake. Kijazo cheupe cha kompositi hukaushwa kwa mwanga wa buluu, na kikikauka husinyaa, mara nyingi kwa asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Ni kidogo, lakini kwa kuwa kimegandishwa kwenye kuta za jino, kusinyaa huko huzivuta kuta au kuacha upenyo mwembamba pembeni. Ndiyo maana daktari makini hujaza tabaka kwa tabaka badala ya kushindilia yote kwa mkupuo, na ndiyo maana hataki mate yaguse kazi yake. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, haina gundi ya namna hiyo, ila hupitisha joto na baridi haraka kuliko jino lenyewe. Aina ya tatu, glasi ionoma, hushikana na jino kwa kemia yake yenyewe na hutoa floraidi polepole, lakini haina nguvu ya kustahimili kutafuna kama hizo mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka kwenye kiti, au kwa simu kesho yake, uliza: tundu lilikuwa na kina gani? Imetumika dawa gani? Kuna chochote kilichoachwa kwa makusudi? Swali hili la mwisho huwashangaza watu. Siku hizi, uozo ukiwa karibu sana na kiini, madaktari wengi huacha tabaka jembamba la dentini iliyolainika juu ya kiini na kuziba vizuri juu yake, kwa sababu kuling'ang'ania tabaka hilo kunaweza kukitoboa kiini. Bakteria waliofungiwa humo bila chakula hudhoofika. Huo si uzembe. Lakini ni vizuri ulijue mapema, usije ukaambiwa miaka kadhaa baadaye na daktari mwingine, akiwa ameshika picha ya eksirei, kwamba uozo umerudi.

Hatua ya 2: Zivuke saa za mwanzo bila kujiumiza

Kiswahili kina utani wake hapa. Neno ni lile lile, ganzi, kwa sindano inayokufanya usisikie kitu na kwa meno yanayosikia kila kitu ukinywa maji baridi. Tuanze na ganzi ya sindano.

Midomo, shavu na ulimi hubaki vimekufa ganzi kwa saa 2 hadi 5, muda mrefu kuliko jino lenyewe. Katika saa hizo usitafune, wala usinywe kitu cha moto, kwa sababu unaweza kujing'ata au kujiunguza usijue mpaka ganzi itoke. Watoto ndio wa kuangaliwa zaidi. Mtoto huona ajabu mdomo usiosikia, akautafunatafuna kwa mchezo, na jioni unakuta umevimba na una kidonda. Kidonda hicho hupona chenyewe, ila mzazi anayekiona bila kujua chanzo hudhani ni maambukizi.

Moyo kwenda mbio kwa dakika chache baada ya sindano kwa kawaida hutokana na adrenalini iliyochanganywa na dawa ya ganzi ili ikae muda mrefu. Mwambie daktari wako ili ajue safari ijayo. Mahali palipochomwa pakiuma au pakiwa na alama ya buluu kwa siku kadhaa, si neno. Taya kuuma na kugoma kufunguka vizuri kwa siku chache pia hutokea, hasa baada ya sindano ya gego la chini au kukaa muda mrefu umeachama. Kitambaa chenye joto kwenye shavu na kufungua na kufunga mdomo polepole mara kadhaa kwa siku husaidia. Ganzi isiyotoka hadi kesho yake, hiyo piga simu uulize.

Kompositi huwa imekauka kabisa unapoinuka kwenye kiti. Amalgamu huendelea kukomaa kwa takriban saa 24, kwa hiyo tafunia upande mwingine siku hiyo. Glasi ionoma nayo itunze siku ya kwanza, isikutane na vitu vigumu.

Hatua ya 3: Pima jinsi meno yanavyokutana

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoteseka bure.

Daktari akishaziba, hukupa karatasi nyembamba ya rangi uing'ate, kisha hupunguza pale panapoacha alama nzito. Tatizo ni kwamba wakati huo umekufa ganzi, mdomo umechoka, na pengine umelala chali. Taya la mtu aliyelala hukaa tofauti kidogo na la aliyekaa wima. Unang'ata ovyo, unasema "sawa tu" kwa sababu unataka kwenda nyumbani, na kijazo kinabaki juu kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele. Kiasi hicho kinatosha. Meno hutambua hata chembe ya mchanga kwenye chakula, sembuse kinundu kinachopigwa mara mamia kwa siku.

Ganzi ikishatoka kabisa, kaa wima, tuliza mabega, funga mdomo polepole sana mpaka meno yaanze tu kugusana. Je, yanagusana pande zote kwa pamoja, au jino lililozibwa linatangulia? Rudia mara tatu. Kisha, meno yakiwa yamegusana, telezesha taya kulia na kushoto. Je, kuna kitu kinakwaruza au kugonga? Jaribu tena kesho asubuhi kabla hujala chochote, maana mchana mzima taya hujifunza kukwepa na kukudanganya.

Kijazo kilicho juu kina sura yake ya maumivu. Jino linauma ukitafuna au ukilibonyeza, linahisi kama limerefuka, na baada ya siku chache linaanza kuuma hata kwa baridi. Wengine huamka na taya limechoka. Sababu ni kwamba jino halikupigiliwa mfupani kama msumari. Limening'inia kwenye nyuzi ndogo zinazolizunguka mzizi, na nyuzi hizo zikipigwa mfululizo huvimba. Anayesaga meno usiku hufikia hali hiyo upesi zaidi.

Watu huambiwa kwamba kijazo kitajilainisha chenyewe. Sikubaliani na ushauri huo. Hata kama kingelika, jino huwa linaendelea kupigwa wakati wote huo, na kuondoa kinundu ni kazi ya dakika chache, kwa kawaida bila sindano, kwa sababu kinachosagwa ni kijazo na si jino. Mimi mwenyewe nilivumilia wiki tatu na gego la chini kwa kuogopa kuonekana msumbufu. Niliporudi, daktari alisaga mara mbili, nikang'ata, nikasikia kama mtu ameniondolea kokoto kiatuni. Wiki tatu kwa ajili ya aibu! Ukirudi, omba uketi wima wakati wa kung'ata ile karatasi, na usiseme "sawa" mpaka iwe sawa kweli. Baada ya kusagwa, mpe jino siku kadhaa hadi wiki moja au mbili, maana zile nyuzi zinahitaji muda wa kutulia.

Hatua ya 4: Andika, usitegemee kumbukumbu

Mtu mwenye maumivu hana kumbukumbu nzuri. Siku mbaya huifanya wiki nzima ionekane mbaya. Chukua simu au kijitabu, na kila jioni andika mstari mmoja: nini kiliamsha maumivu, yalidumu sekunde ngapi, uliamka usiku au la, ulimeza dawa au la. Inatosha.

Baada ya siku 10 picha inaanza kujitokeza. Mchomo wa baridi unaokata ndani ya sekunde chache baada ya kumeza maji, na unaopungua wiki hadi wiki, ni kiini kilichokasirika lakini kilicho hai na kinachopona. Kwa kijazo cha kawaida hali hiyo huisha ndani ya wiki 2 hadi 4. Tundu likiwa lilikuwa la kina kirefu, inaweza kuvuka hapo, na si vibaya ilimradi mwelekeo ni wa kushuka.

Mwelekeo ukigeuka, sikiliza. Maumivu yanayobaki yakiunguruma nusu dakika au zaidi baada ya baridi kuondoka, yanayoletwa na joto na si baridi peke yake, yanayoanza yenyewe ukiwa umekaa, au yanayokuamsha usiku, hayo ni ya kiini ambacho pengine hakitapona. Ishara nyingine ambayo madaktari huijua sana: joto linaumiza, na maji baridi ndiyo yanayotuliza. Anayetembea na chupa ya maji baridi akipooza jino lake asisubiri wiki ya nne.

Kuna pia maumivu ya aina ya tatu, ambayo huja unapoachia na si unapong'ata. Unatafuna, hakuna kitu. Unainua taya, mchomo mkali. Mara nyingi huo ni ufa kwenye jino, au sehemu ya kijazo isiyoshika chini yake. Mwambie daktari kwa maneno hayo hayo, "linauma ninapoachia", maana kauli hiyo moja humpunguzia kazi ya kutafuta.

Hatua ya 5: Lipumzishe jino wakati linapona

Tumia dawa ya meno ya kupunguza ganzi, zile zenye nitrati ya potasiamu au floraidi ya bati. Kosa la kawaida ni kuijaribu siku tatu na kuitupa. Hufanya kazi kwa kujikusanya, na huchukua wiki 2 hadi 4 za kupiga mswaki mara mbili kwa siku. Ukimaliza, tema povu na usisukutue kwa maji, ili dawa ibaki kwenye meno. Usiku unaweza kupaka kiasi kidogo kwa kidole juu ya jino lenyewe na kulala nayo. Weka kando kwa muda dawa za kung'arisha meno, kwa sababu nyingi hukwaruza au huongeza ganzi.

Mswaki uwe laini, mkono uwe mwepesi. Usiache kupiga mswaki kwenye jino linalouma. Utando ukijikusanya hapo, ufizi utavimba na utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kama maji ya baridi yanachoma, sukutua kwa ya vuguvugu. Vitu vichachu, kama soda na juisi ya ndimu, huifungua dentini zaidi, kwa hiyo vipunguze kwa wiki hizo, na ukivitumia subiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Maumivu yakihitaji dawa, mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, si zaidi ya miligramu 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari, au parasetamoli miligramu 1,000, isizidi 4,000 kwa saa 24. Kwa maumivu ya meno hizo mbili zikitumiwa pamoja husaidia kuliko moja peke yake, kwa kuwa kila moja ina njia yake. Angalia tu kwamba dawa nyingine unayomeza, ya mafua kwa mfano, haina parasetamoli ndani. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za jamii hiyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, asiguse ibuprofeni kabla ya kuuliza. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kuhusu parasetamoli.

Na tafadhali, kidonge cha aspirini humezwa, hakiwekwi kwenye ufizi. Kikiwekwa hapo huunguza nyama na kuacha kidonda cheupe, na jino linaendelea kuuma vile vile. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ambayo kweli hutuliza na hata madaktari huitumia kwenye vijazo vya muda, lakini yakimwagwa ovyo nayo huunguza ufizi.

Hatua ya 6: Tambua kero nyingine

Si kila kero baada ya kuziba ni ganzi. Nyingine ni za umbo.

Chakula kinachokwama kila mlo kati ya jino lililozibwa na jirani yake maana yake kijazo hakigusani vizuri na jino la pembeni. Wengi huzoea vijiti vya kuchokolea na kuendelea na maisha. Usizoee. Chakula kinachoshindiliwa pale kila siku huumiza ufizi, na kwa muda hula mfupa na kuozesha jino la jirani ambalo halikuwa na kosa. Uzi wa meno ndio mpimaji wako hapa. Unapaswa kupita kwa kubana kidogo na kutoka mzima. Ukipita bila kugusa kitu, kuna uwazi. Ukichanika au kunasa mahali pale pale, kuna ukingo wa kijazo uliotokeza. Yote mawili ni ya kurekebishwa na daktari, na la kwanza mara nyingine hudai kijazo kifanywe upya.

Ufizi uliochubuka na kutoa damu kidogo kwa siku mbili tatu hutokana na ule ukanda mwembamba unaofungwa kuzunguka jino wakati wa kujaza. Maji ya vuguvugu yenye chumvi yanatosha. Ukingo unaokwaruza ulimi hung'arishwa kwa dakika moja. Ulimi hukuza mambo, lakini kama bado unakuudhi baada ya siku tatu, rudi.

Mshtuko wa ghafla kama wa umeme, hasa karatasi ya alumini au uma ukigusa kijazo cha amalgamu, ni umeme kweli. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye mate hutengeneza betri ndogo. Hautishi, na kwa kawaida hupungua amalgamu ikishapata utando wake wa juu.

Jino la jirani kuuma ni jambo linalowachanganya wengi. Mishipa ya fahamu ya kinywani haina ramani nzuri, na ubongo unaweza kukuonyesha jino lisilohusika, hata la taya la juu badala ya la chini. Kabla ya kumwambia daktari "ni hili", mwache apime mwenyewe.

Kuhusu zebaki, maana swali hili halikosi kuulizwa. Karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, imefungwa pamoja na fedha, bati na shaba. Hutoa mvuke kidogo sana wakati wa kutafuna. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliitaka dunia ipunguze matumizi yake, hasa kwa ajili ya mazingira, na tangu Januari 1, 2025 Umoja wa Ulaya umeacha kuitumia isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima kwa mgonjwa husika. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri makundi fulani yaepuke kuwekewa mpya, miongoni mwao wajawazito na wanaonyonyesha, watoto chini ya miaka 6, na wenye matatizo ya figo au ya mishipa ya fahamu. Mamlaka hiyo hiyo ilishauri vijazo vya amalgamu vilivyo vizima visitolewe bila sababu ya kitabibu. Kuvitoboa huachilia mvuke mwingi kwa wakati mmoja na hula sehemu ya jino iliyokuwa bado nzuri, kisha una kijazo kipya cha kukasirisha kiini upya. Mzio wa kweli upo ila ni nadra. Mara nyingi huonekana kama mabaka meupe au mekundu kwenye shavu au ulimi, pale tu panapogusana na kijazo.

Hatua ya 7: Jua wakati wa kurudi, na wakati wa kukimbia

Rudi siku hiyo hiyo au kesho yake kama kijazo kimevunjika au kimetoka, kama jino linatangulia kugusana, au kama maumivu yanaanza yenyewe usiku. Rudi pia kama wiki 4 zimepita na daftari lako halionyeshi nafuu yoyote.

Kimbia hospitali, hata kama ni usiku wa manane, ukiona uso au shingo inavimba, uvimbe unaelekea jichoni au chini ya ulimi, homa inapanda, mdomo haufunguki, unashindwa kumeza mate au kupumua kunakuwa kwa shida. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni huweza kuziba njia ya hewa. Hapo usitafute daktari wa meno kwanza, tafuta dharura. Vivyo hivyo kwa vipele, midomo kuvimba au kifua kubana muda mfupi baada ya sindano au dawa.

Kuna ukimya mmoja wa kuangaliwa. Jino liliuma vibaya kwa siku kadhaa, likaamsha watu usiku, halafu ghafla likanyamaza, hata baridi halisikii tena. Mwenyewe anashukuru Mungu na kufuta miadi. Jino linalopona hupunguza kelele kidogo kidogo. Linalozima ghafla huenda kiini chake kimekufa, na baada ya wiki au miezi hurudi kwa sura nyingine: linauma likibonyezwa, au kijipu kidogo kinatokea kwenye ufizi na kutoa usaha wenye ladha mbaya. Jipu hilo likipasuka maumivu hutoweka, ugonjwa hautoweki. Nenda kwenye miadi yako.

Hatua ya 8: Ukirudi, uende na maneno sahihi

Peleka daftari. Sema kwa ufupi: liliamshwa na nini, kwa sekunde ngapi, linaelekea wapi. Daktari atagusisha kitu cha baridi kwenye jino hilo na kwenye majirani ili alinganishe, atagonga polepole, atakung'atisha kijiti upande mmoja mmoja kutafuta ufa, atapima ufizi, na pengine atapiga picha. Picha ikiwa safi usidhani unadharauliwa. Mabadiliko ya mfupa huchelewa kuonekana, na kiini kilichovimba hakionekani kwenye picha kabisa.

Kinachofuata kinategemea alichokikuta. Kupunguza kimo cha kijazo ndiko kwepesi kuliko yote. Kama gundi haikushika au kuna upenyo, kijazo hutolewa na jino likawekewa kingine, wakati mwingine cha muda na cha kutuliza kwa wiki kadhaa ili kiini kipumzike kabla ya kile cha kudumu. Jino lenye ufa linaweza kuhitaji kofia ya kulifunika. Kiini kisichopona hutolewa kwa matibabu ya mzizi, na hapo jino lenyewe hubaki. Uliza waziwazi kama kung'oa ni lazima kabla hujakubali, kwa sababu jino likishatoka hakuna hatua ya kurudi.

Kitu kimoja usikidai: antibiotiki kwa jino linalouma tu bila uvimbe wala homa. Maumivu ya kiini ni ya uvimbe wa ndani, na vidonge hivyo haviyapunguzi. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 unaosema hivyo hivyo kwa wagonjwa walio watu wazima na wasio na matatizo ya kinga, kwamba tiba ya jino lenyewe ndiyo inayotangulia. Daktari akikuambia hutahitaji, hajakunyima kitu.

Na kama tundu lako lilikuwa la kina kirefu, usiondoke bila tarehe ya kukaguliwa tena baada ya miezi 6 hadi 12, hata kama jino limetulia kabisa. Iandike kwenye simu ukiwa bado mapokezi.